Kiti cha mbele kushoto, wawili mahali pa mmoja

Magari mengi tunayoendesha hapa Lubumbashi, Kongo, yanatusalimia kwa Kijapani. Unawasha injini, sauti ya mwanamke inasema maneno mawili matatu, wewe unaweka gia unaondoka. Mara nyingi anachosema ni kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa kwenye kifaa chake. Kadi yenyewe ni ya barabara za Japani, basi tukimpuuza mama huyo hatupotezi kitu. Tunapoteza kwa kuyapuuza maandishi mengine ya lugha hiyohiyo: karatasi iliyobandikwa kwenye kibao cha kukinga jua mbele ya abiria, lebo ndogo iliyoshonwa ubavuni mwa kiti, na kitabu cha mwongozo ambacho kwa kawaida hakifiki kabisa. Yote hayo yanaeleza kwamba kiti, mkanda na mfuko wa hewa (airbag) vilibuniwa pamoja, vimtumikie mtu mmoja aliyeketi kwa namna fulani. Kimoja kikiharibika au kikitumiwa vibaya, vile vingine viwili vinabaki na kazi ambayo haviwezi kuifanya.

Kanuni zetu za barabarani zinatokana na sheria nambari 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Wakati huo ni watu wachache sana duniani waliowahi kukaa mbele ya mfuko wa hewa. Mercedes-Benz walianza kuuza gari lao kubwa la S lenye mfuko huo mwaka 1981. Siilaumu sheria kwa kutoona mbele. Ila polisi wa rulaji, yaani wa barabarani, aliyesimama kwenye mzunguko, hata akiwa mwaminifu kuliko wote, anaona utepe mweusi kifuani na basi. Ndiyo maana tumejifunza kumwonyesha utepe. Abiria wa mbele anauvuta mkanda, anaushika kwa mkono usawa wa nyonga bila kuufunga, taksi inapita, mkono unaachia. Wengine wamenunua ulimi wa chuma usio na mkanda, wanauchomeka ili gari liache kulia. Tumeufanya mkanda kuwa karatasi ya kuonyesha kizuizini.

Nizungumzie kiti kimoja hasa, cha mbele kushoto, kwa sababu hapa kwetu kina bahati mbaya ambayo watengenezaji hawakuifikiria.

Sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, Zambia wanaendesha kushoto, na Tanzania vilevile; magari yanayotufikia kwa njia hiyo kutoka Japani yana usukani wa kulia. Matokeo yake shofa anakaa upande wa majani na abiria wa mbele anakaa katikati ya barabara, uso kwa uso na malori ya shaba. Shofa akitaka kulipita lori kwenye barabara ya Likasi au ya Kasumbalesa, hawezi kuona kinachokuja mpaka atoe karibu gari zima nje ya mstari. Kwa hiyo anamgeuza abiria kuwa macho yake. "Pita, hakuna kintu!" Nani kati yetu hajawahi kuisema sentensi hiyo, au kuisikia ikisemwa na mtu ambaye hajawahi kushika usukani maishani?

Magari mawili yakigongana ana kwa ana wakati wa kupitana, mara nyingi hayagongani pua nzima kwa pua nzima. Yanagongana kona kwa kona, na kwa sisi tunaoendesha kulia kona hiyo ni ya kushoto. Katika gari lenye usukani wa kushoto, aliye nyuma ya kona hiyo ni shofa, na walau yeye ana usukani na breki. Katika Toyota Ist au Noah ya hapa kwetu ni abiria, ambaye hana lolote mkononi zaidi ya simu.

Na katika taksi zetu abiria huyo si mmoja. Mbele wawili, nyuma wanne, ndiyo hesabu ya mji, ukitoka Kenya, ule mtaa wetu wa hapa Lubumbashi, kwenda mjini au ukirudi mtaa wa Katuba jioni. "Mama, sogeya kiloko." Mama anasogea, kijana anaingia, mlango unafungwa kwa nguvu mara mbili. Mmoja amekaa kwenye kiti, mwingine nusu kwenye kiti na nusu juu ya breki ya mkono, amegeuza bega mbele ili pumzi ipite. Mkanda ni mmoja. Mfuko wa hewa ni mmoja. Baadhi ya magari yana kipimo cha uzito chini ya kiti cha abiria, kinachoamua kama mfuko ufunguke au la. Wakikaa wawili, kipimo kinadhani kimepata mtu mmoja mnene sana.

Tuangalie kinachotokea ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde. Gari linapogonga, vihisio vinapeleka habari kwenye kompyuta ndogo, nayo inawasha baruti. Ndiyo, baruti, mfuko wa hewa haujazwi na pampu. Kwa muda unaokaribia milisekunde 30 hadi 50, haraka kuliko ukope kufumba na kufumbua, mfuko unapasua kifuniko chake na kujaa gesi kwa kasi inayoweza kukaribia kilomita 300 kwa saa. Mara baada ya kujaa unaanza kupungua kupitia matundu yake, kwa makusudi, ili mtu aupokee ukiwa unalegea. Kwa hiyo mpango mzima unategemea mtu awe mbali vya kutosha wakati unapanuka, na aufikie ukiwa umeshajaa. Anayemweka mbali ni mkanda. Katika magari mengi mkanda nao una baruti yake ndogo, inayouvuta kwa ghafla sentimita chache ili kuondoa ulegevu, halafu kuna kipande kinachouachia kidogo kifua kikibanwa kupita kiasi.

Herufi SRS zilizochongwa kwenye usukani na kwenye dashibodi zinasema jambo hilohilo kwa kifupi: huu ni mfumo wa kujazia kazi ya mkanda. Mfuko bila mkanda unampokea mtu ambaye tayari ameshatupwa mbele, paji la uso likiwa karibu na kifuniko kinachopasuka. Yule kijana aliyegeuza bega ili mama apumue yuko hapo tangu mwanzo wa safari.

Mkanda wa pointi tatu tunaoudharau ulibuniwa na Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, mwaka 1959, na kampuni hiyo ikawaachia watengenezaji wengine wautumie. Kabla ya hapo Bohlin alikuwa akibuni viti vya kumrusha rubani nje ya ndege. Alijua mwili unavumilia nini na wapi: mfupa wa nyonga, mbavu, mfupa wa bega. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mkanda unaweza kupunguza hatari ya kufa kwa wanaokaa mbele hadi nusu. Lakini unafanya hivyo ukipita juu ya mifupa hiyo. Ukipita juu ya tumbo, unakata. Mama mjamzito anaupitisha chini ya mimba, juu ya mapaja, na ule wa juu unapita kati ya matiti na kando ya tumbo. Wapo wanaosema mjamzito aachwe bila mkanda ili mtoto asibanwe; mtoto huyo atabanwa vibaya zaidi mama akiufuata usukani au dashibodi.

Hapo ndipo ninapokuja kwenye kiti, kwa sababu mkanda unakaa mahali ambapo kiti kimeuweka. Safari ya Kolwezi ni ndefu, na abiria wa mbele anapenda kulala. Anavuta kile kishikizo cha ubavuni, egemeo la mgongo linalala nyuma, anajifunika kitenge usoni. Mkanda wake umefungwa, polisi ameridhika. Lakini mkanda wa juu umeachana na bega lake, unaning'inia hewani kama kamba ya nguo. Gari likigonga, mwili unateleza mbele chini ya mkanda wa nyonga, na mkanda huo unapanda hadi tumboni, penye maini na wengu. Kwa maoni yangu, hili ndilo kosa la viti linalotuumiza wakati tunajiona tuko salama kabisa. Anayetaka kulala, alale akiwa amenyooka, kichwa kwenye kiegemeo.

Kiegemeo hicho nacho wengi wanakiona kama mto wa starehe. Marekani iliwalazimisha watengenezaji kukiweka kwenye viti vya mbele kuanzia Januari 1969, kwa sababu ya shingo. Ukigongwa kwa nyuma, kiti kinasukuma mgongo wako mbele, kichwa kinabaki, shingo inajipinda. Kiegemeo kikiwa chini usawa wa shingo, ambavyo ndivyo kilivyo katika magari mengi ninayoyaona, kinakuwa kama gogo la kuvunjia kuni. Kipandishe mpaka ncha yake ifike usawa wa utosi, na kiwe karibu na kichwa. Kuna kitufe kidogo kwenye mguu wake wa chuma, hakihitaji fundi.

Shofa aanze kwa makalio. Yaingie mpaka nyuma kabisa ya kiti. Halafu asogeze kiti hadi aweze kukandamiza breki mpaka mwisho huku goti likiwa bado limekunjwa kidogo. Mguu ulionyooka kama fimbo unapeleka pigo moja kwa moja kwenye nyonga. Kisha egemeo: mabega yakiwa yamegusa kiti, kifundo cha mkono kiweze kulala juu ya usukani. Kati ya kifua na katikati ya usukani pabaki angalau sentimita 25. Wenye miguu mifupi, na hasa akina mama wengi wanaoendesha gari za waume zao zilizopangwa kwa miguu ya mume, wanakaa wameukumbatia usukani. Magari mengi yana njia ya kuinua kiti au kushusha usukani. Ijaribiwe hiyo kabla ya kuweka mto, kwa sababu mto unateleza na mtu anateleza nao. Abiria wa mbele, kazi yake ni rahisi zaidi: asogeze kiti nyuma kadiri inavyowezekana bila kumvunja magoti aliye nyuma, na miguu ishuke chini. Miguu juu ya dashibodi imekalia baruti.

Sasa tunakuja kwenye mapambo. Gari likifika tu, jambo la kwanza ni kushona foronya za viti za ngozi bandia, nyekundu na nyeusi, na ukitaka jina lako limeandikwa kwa uzi. Sina ugomvi na urembo. Vumbi letu la kiangazi linahitaji kitu cha kufuta. Lakini angalia ubavu wa kiti upande wa mlango. Kama kuna lebo yenye neno AIRBAG, humo ndani mna mfuko wa hewa wa kulinda mbavu, nao hutokea kwa kupasua mshono wa kiti. Foronya nzito iliyoshonwa kuzunguka yote inaufungia ndani. Fundi anaweza kuuacha ubavu huo wazi, ila lazima umwambie, kwa kuwa yeye analipwa ili pasionekane pengo. Na mara nyingi foronya za nyuma zinazika vifungio vya mikanda chini ya kalio la kiti. Gari lilikuja na mikanda ya watu watatu nyuma, sisi tumeizika. Japani yenyewe imelazimisha mkanda wa nyuma tangu 2008, Uingereza iliwalazimisha watu wazima mwaka 1991. Hawakufanya hivyo kwa kuwahurumia wa nyuma peke yao. Mtu wa kilo 80 asiyefungwa nyuma anakuja na uzito wake wote mgongoni mwa aliyejifunga mbele.

Kwa anayenunua gari, ushauri wangu ni mfupi kuliko ule wa kuangalia injini. Zungusha ufunguo bila kuwasha: taa ya SRS, ile ya mtu aliye na duara mbele yake, lazima iwake sekunde chache kisha izimike. Ikibaki inawaka, mfumo una kasoro. Isipowaka kabisa, shuku zaidi, kwa sababu kuna mtu ameiondoa. Magari yaliyopata ajali Japani huuzwa mnadani yakiwa na alama R au RA kwenye karatasi yake ya ukaguzi. Karatasi hiyo inaweza kuombwa kwa aliyekuagizia gari. Vuta kila mkanda mpaka mwisho, uangalie kama utepe umechanika au umeungua, kisha uvute kwa ghafla: lazima ukatae. Watu wanalalamika mkanda ukikataa, eti ni mbovu. Ukikataa ndio mzima.

Kuna jambo jingine ambalo hatulizungumzii kabisa, na linatuhusu sana. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza vijazio vya mifuko ya hewa vilivyotumia nitrati ya amonia. Joto na unyevu wa miaka mingi vinaiharibu kemikali hiyo, na siku ya ajali, badala ya kuujaza mfuko, kopo lake la chuma linalipuka na kumrushia mtu vipande. Vijazio takriban milioni 100 viliitwa virudishwe duniani kote, katika magari ya Honda, Toyota, Nissan, Mazda, BMW na mengine. Takata iliomba ulinzi wa kufilisika Juni 2017. Toyota Corolla na Honda Fit za miaka ya 2000 zimo kwenye orodha hizo. Mwenye gari wa Osaka aliandikiwa barua, akaenda akabadilishiwa bure. Gari hilohilo likiuzwa kabla hajaenda, barua haimfuati mnunuzi wa hapa mtaa wa Ruashi. Namba ya chasisi, ile iliyogongwa kwenye chuma chini ya boneti, inaweza kuangaliwa kwenye tovuti za watengenezaji wenyewe. Wauzaji wa magari wa mji huu wangeweza kuwafanyia wateja kazi hiyo ya dakika tano. Sijaona hata tangazo moja linalojisifia kuifanya.

Kuhusu watoto nitasema machache, kwa kuwa hapo hakuna mjadala. Gari linaloenda kilomita 50 kwa saa likisimamishwa na ukuta ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 anavuta kama kilo 140. Hakuna mikono ya kumshika. Kumfunga pamoja na mama kwenye mkanda mmoja ni kumweka kati ya mkanda na uzito wa mama. Ile karatasi ya Kijapani kwenye kibao cha jua, yenye picha ya kiti cha mtoto iliyopigwa mstari mwekundu, inakataza kuweka mbele kiti cha mtoto kinachotazama nyuma pale penye mfuko wa hewa ambao haujazimwa, maana mfuko utapiga mgongo wa kiti kile chenye kichwa cha mtoto. Kiti cha mtoto kinafungwa nyuma. Wanaokipata cha mtumba waangalie kama ganda lina ufa na mikanda yake yote ipo, na waulize kilikotoka. Kilichopitia ajali hakifai tena. Asiye na kiti cha mtoto amkalishe nyuma, peke yake, na mkanda wake. Ni pungufu, lakini ni mbali na magoti yaliyo mbele ya dashibodi.

Mpaka hapa nimesema na wenye magari yao. Abiria wa teksibasi nitamwambia nini? HiAce nyingi zililetwa zikiwa za mizigo, mabenchi yakachomelewa hapahapa na mafundi hodari wa chuma ambao hakuna aliyewaambia kwamba benchi litavutwa na watu wanne kwa mara kumi na zaidi ya uzito wao. Mkanda uliofungwa kwa bolti kwenye bati jembamba ungeng'oka na bati lake. Mbele injini iko chini ya viti na pua ya gari haipo, miguu ya abiria ndiyo inayofika kwanza. Mlango wa kuburuta wa gari la Japani uko kushoto, yaani hapa unafungukia katikati ya barabara, na watoto wa shule wanashukia hapo. Kumwambia abiria huyo "funga mkanda" ni kumdhihaki. Anachoweza ni kuepuka kile kiti cha kukunja cha kwenye ujia, na akishuka aangalie nyuma kabla ya kuweka mguu chini.

Kwa hiyo nabishana na wale wanaosema tatizo letu ni utamaduni, kwamba Mkongomani hapendi mkanda. Mtu wa pili kwenye kiti cha mbele kushoto hakuwekwa na utamaduni. Amewekwa na pesa ambayo shofa anapaswa kumpelekea mwenye gari kila jioni, kabla hajahesabu mafuta, kabla ya zile za barabarani, kabla ya unga wa nyumbani kwake. Safari ya watu sita inalipa, ya watano hailipi. Serikali ya mji inapopanga nauli, inaipanga ikijua kwamba watakaa sita. Hesabu hiyo ya wawili mbele imo ndani ya bei bila kuandikwa. Basi mjadala wa usalama wa abiria uanzie kwenye meza hiyo: mkuu wa mji, wenye taksi na chama cha mashofa, na waseme wazi nani atalipa nafasi ya mtu wa sita. Inaweza kuwa ni abiria, kwa kuongezewa kidogo nauli. Mimi naona mwenye gari aanze kupunguza anachodai jioni, kwa kuwa gari ni lake na ndiye peke yake kati yao ambaye hapandi kiti hicho.